Ni Marekebisho Tu

Kama watafiti wangekuwa na kanga yao, sentensi hii ingeshachapwa chini ya mji wake: "Ni marekebisho tu." Nimeisikia kwa mtafiti mkuu mwenye shahada tatu, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kuwasilisha. Nimeisikia kwa wanafunzi wa uzamili waliolelewa na mtafiti huyohuyo. Nimeisikia pia, na hapo ndipo iliponichoma, kwa mjumbe mwenzangu wa kamati, Ijumaa saa kumi jioni, maombi kumi na moja yakimsubiri kwenye simu na gari la kwenda nyumbani likimsubiri nje.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye kamati inayopitia itifaki za utafiti wa wanyama, zile hati ambamo mtafiti anaeleza atatumia wanyama gani, wangapi, atawafanya nini, atawapa dawa gani ya maumivu, na mwisho wao utakuwaje. Bila itifaki iliyoidhinishwa haguswi hata panya mmoja. Na kwa kuwa hakuna utafiti unaokwenda kama ulivyoandikwa, itifaki hurekebishwa: idadi inaongezwa, dawa inabadilishwa, mpasuaji mpya anaingizwa. Zamani marekebisho yalikuja kwa bahasha yenye nakala saba. Siku hizi yanapitia kwenye mfumo wa mtandaoni, na humo ndimo maneno yale ya kanga yalimopata makazi ya kudumu.

Hoja yao nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe wakiwa wametulia, maana wenzangu hawa si wajinga wala si wakatili. Wanasema itifaki ya mwanzo ndiyo iliyopimwa kimaadili, na yanayofuata ni kumbukumbu za ofisi. Wanasema mabadiliko mengi ni madogo, na anayeshinda na wanyama kutwa anajua lipi ni dogo kuliko wajumbe wanaokutana mara moja kwa mwezi. Wanasema mfumo umejengwa kwa kazi hiyohiyo: unatenganisha madogo na makubwa, unaweka tarehe, unatunza kila toleo. Wanasema, na hapa sauti hushuka, kwamba kamati ikichelewa anayeumia ni mnyama yuleyule tunayedai kumlinda. Halafu huja ushauri wanaowapa vijana wao: andika itifaki pana tangu mwanzo, usije ukalazimika kurudi.

Ushauri huo nimeupokea kwa adabu miaka yote hii. Leo naurudisha, kipande kwa kipande.

1. Kwamba maadili yalishapimwa

Yalipimwa lini? Kabla mtu yeyote hajamshika mnyama. Itifaki ya kwanza ni hati ya matumaini. Inaandikwa mezani, mara nyingi wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya kuomba fedha, na kurasa zake kadhaa zimenakiliwa kutoka kwa jirani wa ghorofa ya juu, pamoja na makosa ya tahajia ya jirani huyo.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kuhusu mbinu za kiutu katika majaribio ya wanyama. Humo ndimo zilimotoka kanuni tatu ambazo leo kila fomu inazidai: kubadili, kupunguza, kuboresha. Kubadili, ili mnyama atumike pale tu pasipo na njia nyingine. Kupunguza, ili wasizidi wanaohitajika. Kuboresha, ili mateso yapungue. Watafiti wanaziimba kanuni hizi kama watoto wanavyoimba majedwali ya kuzidisha. Lakini hebu yatazame maneno yenyewe: yote matatu ni vitenzi vya mtu anayerekebisha. Mwanzoni unaweza kuahidi kuboresha. Kuboresha kwenyewe kunakuja baada ya mnyama wa kwanza kukuonyesha ulipokosea.

Chukua utafiti wa maambukizi wenye panya 60. Itifaki inaweka kikomo cha mateso, yaani hali ambayo mnyama akiifikia hasubiriwi tena: akipoteza asilimia 20 ya uzito wake, anauawa bila maumivu. Ukaguzi ni mara moja, asubuhi. Hakuna aliyepinga, kwenye karatasi ni safi kabisa. Panya kumi wa kwanza wanaambukizwa. Siku ya nne jioni wote wanakula. Siku ya tano asubuhi wanne wamekauka kizimbani. Hawakukifikia kikomo, walikiruka usiku. Mtafiti aliyesimama mbele ya kizimba kile sasa anajua jambo ambalo kamati nzima haikulijua. Akiandika kwamba kikomo kishushwe hadi asilimia 15 na ukaguzi uwe mara tatu, pamoja na usiku, hiyo ndiyo hati ya kwanza katika mradi mzima iliyoandikwa na mtu aliyewaona wanyama wenyewe. Ndiyo tunayoiita "tu".

Kuna na upande wa pili. Itifaki ikikaa kimya, dunia haikai nayo. Mwongozo wa AVMA, chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, kuhusu njia za kuua wanyama bila mateso ulisema mwaka 2013 kwamba gesi ya kaboni dayoksaidi kwa panya iingie kwa kasi ya asilimia 10 hadi 30 ya ujazo wa chemba kwa dakika. Toleo la 2020 likasema asilimia 30 hadi 70. Itifaki iliyopitishwa 2019 ikiwa na asilimia 20 ilikuwa sahihi siku ile. Mwaka uliofuata ilikuwa imeachwa nyuma, na hakuna mtu aliyegusa hata herufi moja. Anayesema maadili yalishapimwa anayafananisha na chanjo ya ndui: ulichanjwa utotoni, alama ipo begani, yamekwisha.

2. Kwamba ni madogo

"Kutoka 0.1 hadi 0.2." Ombi zima lilikuwa hilo. Mililita. Damu ya panya mdogo wa maabara, kila baada ya wiki mbili. Sababu: kipimo kipya kinahitaji sampuli kubwa kidogo.

Panya huyo ana gramu 25. Damu yote iliyomo mwilini mwake haifiki mililita 2. Mwongozo unaotumika sana unataka asitolewe zaidi ya asilimia 10 ya damu hiyo kwa mara moja, na asilimia 10 yake ni kama mililita 0.18. Tarakimu moja nyuma ya nukta imemvusha mstari. Mtu mzima anayechangia damu hutoa mililita 450 kati ya lita 5 hivi, ambayo ni pungufu ya alichotakiwa kutoa panya wetu kwa uwiano wa mwili. Kisha anapewa soda, anakaa kivulini, na hakuna anayemwambia arudi baada ya wiki mbili.

Au chukua dawa. Ketamini imekwisha stoo, jambo ambalo kila aliyefanya kazi katika maabara zetu analifahamu. Mtafiti anaandika mstari mmoja: badala ya sindano ya ketamini na zailazini, gesi ya aisoflureni. Ni dawa nzuri, wengi wanaipenda. Mnyama analala upesi na kuamka upesi. Ila akiamka hakuna kilichobaki mwilini cha kumtuliza. Sindano ile ya zamani, pamoja na kasoro zake, ilikuwa ikimpunguzia maumivu kiasi. Gesi haimwachii kitu. Kwa hiyo mstari mmoja ulipaswa kuwa miwili, na ule wa pili, wa dawa ya maumivu, haukuandikwa kwa sababu mwandishi aliamini anabadilisha njia tu ya kumlaza mnyama.

Huyu hakuwa mzembe. Alikuwa mtaalamu wa vimelea, na mzuri. Hapa ndipo ninapokataa ile hoja kwamba anayeshinda na wanyama anajua lipi ni dogo. Kinyozi hajinyoi. Anajua mno utafiti wake, na kila badiliko analipima kwa utafiti: kwa data, mililita 0.1 zaidi kweli ni kidogo. Mnyama analipima kwa mwili wake, na hana akaunti kwenye mfumo.

Madogo yapo, sikatai. Namba ya simu iliyokosewa, jina lililoandikwa vibaya: haya yasitupotezee dakika. Lakini hayo si yanayopiganiwa. Yanayopiganiwa ni yale yanayojumlishana. Itifaki ya wanyama 40 inaongezewa 8 kwa sababu baadhi walikufa njiani. Miezi mitatu baadaye 6, kwa ajili ya kikundi cha kulinganisha kilichosahaulika. Kisha 10, mhakiki wa jarida kataka jaribio lirudiwe. Kila ombi lilisomwa peke yake na kila moja lilikuwa dogo. Jumla ni 64, ongezeko la asilimia 60. Angekuja na 64 siku ya kwanza tungemkalisha saa nzima.

3. Kwamba mfumo unachuja

Hapa nitakaa, maana ndipo palipo na imani kubwa kuliko ushahidi.

Unaingia kwa nywila. Nywila lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu, na alama isiyo herufi wala tarakimu. Katika hilo mfumo hauna mzaha. Unabofya pa kuanzisha marekebisho. Mfumo unanakili itifaki iliyoidhinishwa na kukufungulia. Swali la kwanza: je, mabadiliko ni madogo au makubwa? Chagua kwenye orodha. Anayechagua ni mwombaji mwenyewe. Chujio tunalosifiwa ni hilo: askari wa getini anayemuuliza kila anayeingia kama ni mwizi, na kumfungulia kila anayejibu kwamba siye.

Kinafuata kisanduku cha sababu. Jibu linaloongoza, kwa jinsi ninavyokumbuka miaka yangu kwenye kamati, ni "kuboresha utafiti". La pili ni "kama alivyoshauri msimamizi". Mfumo uliokataa nywila yako kwa kukosa alama ya mshangao unaipokea sababu isiyo na sababu. Kwenye sehemu inayouliza kama kuna njia mbadala isiyotumia wanyama unaweza kuandika "haihusiki", na kisanduku kinageuka kijani. Nimewahi kujaribu kuweka nukta moja. Kiligeuka kijani.

Lakini ubaya mkubwa umejificha kwenye mpangilio. Itifaki imekatwakatwa sehemu: taratibu mahali pake, idadi mahali pake, dawa, watumishi, muhtasari kwa lugha nyepesi, viambatisho. Mtafiti anaongeza upasuaji kwenye sehemu ya taratibu, anahifadhi, anawasilisha. Jedwali la dawa bado ni la mnyama anayechomwa sindano. Fomu ya ukaguzi wa kila siku bado ina siku 7, na mnyama aliyepasuliwa atakaa siku 28. Jina la mpasuaji halimo kwenye watumishi. Muhtasari bado unasema panya "watachomwa sindano moja na kuangaliwa". Muhtasari huo ndio unaosomwa na mjumbe asiye mwanasayansi, mwalimu mstaafu au mchungaji au shehe, aliyewekwa kwenye kamati awe jicho la watu wa kawaida. Anausoma kwa makini, kuliko sisi wote. Anaidhinisha sindano. Kilichopita ni kisu.

Sizililii zama za bahasha. Bahasha zilipotea, zilimwagikiwa chai, na moja niliwahi kuikuta imefungia sambusa. Lakini tulikuwa na katibu wa kamati, mama mmoja aliyeishia kidato cha nne, aliyekuwa akiipima bahasha ya marekebisho kwa mkono. Akiiona nyembamba kuliko itifaki ya mwanzo aliirudisha bila kuifungua: "Umebadilisha ukurasa mmoja, na kurasa nyingine hazijui." Hakuna programu niliyoitumia yenye akili ya mama yule. Kurasa nyingine bado hazijui, ila sasa zote zina muhuri wa tarehe.

Mjumbe naye anapokea nini? Kiungo kwenye barua pepe. Akikifungua anakuta faili la PDF la kurasa hamsini na ushee. Mfumo ukiwa mzuri, maneno mapya yamepakwa rangi. Lakini rangi hiyo haifiki kwenye viambatisho, na mabadiliko yenye uzito hupenda kukaa kwenye viambatisho. Chini kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kuidhinisha. Kando yake, kwa maandishi ya kijivu, kuna pa kurudisha kwa mwombaji, na ukibofya hapo unatakiwa ueleze kwa nini. Kukubali ni kidole, kukataa ni insha. Aliyesanifu ukurasa huo huenda hakuwa na nia mbaya, lakini amekwishapiga kura kabla ya mjumbe yeyote.

Juu ya yote hayo kuna ubao wa takwimu wanaouangalia wakubwa: wastani wa siku za kuidhinisha marekebisho. Ukishuka, kamati inapongezwa. Sijauona ubao wenye safu ya wanyama waliookolewa na marekebisho, wala ya mateso yaliyofupishwa, wala ya maombi yaliyorudishwa kwa haki. Basi mjumbe mwenzangu wa Ijumaa jioni, namlaumu nusu tu. Alikuwa akifanya kazi inayohesabiwa.

4. Kwamba kuchelewa kunaumiza wanyama

Hii ni kweli. Ni hoja yao bora, na ningependa waitumie vizuri kuliko wanavyoitumia. Panya aliyenunuliwa akiwa na wiki 6 kwa jaribio linalotaka wiki 8 hasubiri kamati inayokutana mwezi ujao. Akipitiliza umri anauawa bila kutumika, na wengine wanaagizwa. Kamati iliyosababisha hilo kwa uvivu wake ina damu mikononi, na kamati za namna hiyo nazijua.

Ila ukichunguza ucheleweshaji wenyewe unakuta nini? Ombi limewasilishwa Alhamisi, upasuaji umepangwa Jumatatu. Limerudishwa kwa sababu fomu ya ukaguzi ni ya zamani. Limewasilishwa tena likiwa na fomu mpya na idadi ya zamani. Limerudishwa. Mara ya tatu linakuja na barua ndefu juu ya urasimu unaoua sayansi Afrika. Wiki tatu zimepita, na kati ya hizo sisi tulikuwa na ombi kwa siku nne. Siku nyingine zote lilikuwa kwake, likiwa rasimu.

Halafu kuna jambo ambalo wenye hoja hii hawalitaji kamwe. Mnyama anayeteseka hahitaji marekebisho ili aokolewe. Mwongozo wa Marekani wa utunzaji na matumizi ya wanyama wa maabara, toleo la 2011, ambao taasisi nyingi nje ya Marekani zinautumia pia, unamtaka daktari wa mifugo awe na mamlaka ya kutibu, kumwondoa mnyama kwenye jaribio, au kumuua kwa huruma inapobidi. Simu moja inatosha. Kwa hiyo mara nyingi kinachocheleweshwa na kamati ni jaribio. Nafuu ya mnyama ina mlango wake, na hakuna anayesimama pale kudai fomu.

Na wanaotaka kasi, njia ipo, kwa wanaoitaka kwa dhati. Mwaka 2014 mamlaka ya Marekani inayosimamia ustawi wa wanyama katika tafiti zinazofadhiliwa na serikali kupitia sekta ya afya ilifafanua kwamba baadhi ya mabadiliko mazito, yakiwemo ya dawa za usingizi na za maumivu, yanaweza kupitishwa kiofisi kwa kushauriana na daktari wa mifugo, bila kusubiri kikao. Sharti ni kwamba kamati iwe imekaa mapema na kuandika sera inayosema dawa zipi, dozi zipi, kwa mnyama gani, na daktari yupi. Yaani kasi inanunuliwa kwa kazi iliyofanywa kabla. Nilipolipendekeza hilo mahali fulani nilijibiwa kwamba ni wazo zuri, kisha nikaambiwa niliandike mwenyewe, bila malipo, na niliwasilishe kwa mfumo. Taasisi hiyohiyo ilikuwa imepata fedha za kununua mfumo mpya.

5. Kwamba dawa ni kuandika kwa upana

Ushauri huu wa mwisho ndio unaozifichua hoja zote zilizoutangulia.

Kama marekebisho ni jambo dogo, la kubofya, lisilo na uzito, mbona mnahangaika hivi kuyakwepa? Mtu hachimbi handaki ili apite kwenye mlango ulio wazi. Ukweli ni kwamba kila mtafiti anajua marekebisho ni mahali pa kuulizwa maswali, na itifaki pana ni namna ya kuulizwa mara moja tu, mapema, kabla hakujatokea la kuulizia.

Na upana huo una sura yake. Hesabu ya takwimu inadai panya 12 kwa kila kikundi. Fomu inaomba 20, "kwa tahadhari". Dawa ya maumivu ni "meloksikamu au nyingine inayofanana nayo". Damu ni "hadi" kiasi fulani. Upasuaji unaweza kufanywa "endapo itahitajika". Mahali ni "banda la wanyama au sehemu nyingine inayofaa". Kila "au" na kila "endapo" ni uamuzi uliohamishwa kutoka mezani, ambapo watu saba wangeubishania, hadi saa mbili usiku mbele ya kizimba, ambapo kijana mmoja wa uzamili ataufanya akiwa na usingizi. Ni kumkabidhi fundi funguo za nyumba na kusafiri, kwa maelezo kwamba atengeneze bomba la jikoni na kingine chochote atakachoona kinafaa.

Na wale panya 8 wa tahadhari katika kila kikundi? Wakishaidhinishwa wanaagizwa, na wakishaagizwa wanatumika. Sijaona bado ombi la marekebisho linalosema: tuliomba 80, 48 wametosha, tafadhali futeni waliobaki. Mfumo hata hauna kisanduku cha kupunguza. Nilikitafuta. Orodha ina "ongeza wanyama", "ongeza utaratibu", "ongeza mtumishi". Katika kanuni tatu za Russell na Burch, moja haina hata pa kubofya.

6. Na kwamba hayo ni mambo yetu ya ndani

Hili hawalisemi wazi, lakini ndilo linalobeba mengine: hata kama itifaki na kinachofanyika vimeachana kidogo, nani ameumia?

Sheria, kwanza, haijaacha mambo haya kwa hiari za watu. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Zote mbili zinagusa majaribio. Taasisi ya Nairobi au Dar es Salaam inayotaka fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa kazi ya wanyama inatoa hati ya uhakikisho kwamba itafuata sheria za nchi yake na kanuni za kimataifa. Hati hiyo haisemi "isipokuwa kwenye marekebisho". Lakini sheria naiacha. Mtafiti wa kawaida hamwogopi mkaguzi ambaye hajawahi kumwona.

Ameumia msomaji wa makala ya utafiti. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa makala 271 za tafiti za panya na nyani zilizofanyika Uingereza na Marekani kwa fedha za umma. Ni asilimia 59 tu zilizotaja pamoja dhana au lengo la utafiti na idadi na sifa za wanyama waliotumika. Nyingine zilikosa angalau moja ya taarifa hizo. Hayo ndiyo yaliyozaa mwongozo wa ARRIVE, wa kuripoti tafiti za wanyama, mwaka 2010, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020. Naam, marekebisho.

Sasa tazama makala zetu. Mwishoni mwa sehemu ya mbinu kuna namba ya kibali. Imebandikwa pale kama hirizi. Msomaji anaona namba, anatulia. Namba ni ya itifaki ya mwanzo: sindano moja, panya 40, mililita 0.1. Kazi iliyoelezwa aya mbili juu yake ni ya toleo la nne, au ya toleo ambalo halikuwahi kuwasilishwa kwa sababu lilikuwa "dogo". Mtu wa Kampala au Oslo akitaka kurudia jaribio hilo ataomba itifaki, atatumiwa ile ya namba, na atashangaa kwa nini wanyama wake wanakufa usiku. Panya wake nao waingizwe kwenye hesabu ya muda tuliouokoa.

Na ameumia mtu mmoja ambaye mfumo haumjui kabisa. Mtunza wanyama hana nywila. Haingii, hawasilishi, hapokei barua pepe. Yeye ana karatasi iliyobandikwa kwa utepe kwenye mlango wa banda, kurasa mbili zilizochapwa siku mradi ulipoanza, pembe zimejikunja kwa unyevu. Matoleo yote yanatunzwa kwenye seva. Yeye anafanya kazi kwa lile la mlangoni.

Mwezi uliopita nilipita banda moja na kusimama kuisoma karatasi kama hiyo. Kwenye mstari wa ukaguzi, pale palipochapwa "mara moja kwa siku, asubuhi", mtu amekata kwa kalamu ya bluu na kuandika juu yake, kwa herufi za mtu asiyeandika sana: "na jioni, na saa 5 usiku, wanazidiwa usiku." Nilimuuliza mzee wa zamu ni nani aliyeandika. Akasema ni yeye, tangu wale wa kwanza walipokufa. Nikamuuliza kama alimwambia mtafiti. "Nilimwambia, daktari. Akasema sawa, atarekebisha." Nilirudi ofisini nikaingia kwenye mfumo. Marekebisho yalikuwepo, matatu, yote yameidhinishwa: mwanafunzi mpya ameongezwa, kichwa cha mradi kimefupishwa, panya kumi wameongezwa. Kwenye kisanduku cha ukaguzi bado pameandikwa mara moja kwa siku, asubuhi, na kisanduku ni cha kijani.